Kamba ya Dhavlya

Karanjkhed, wilaya ya Daryapur
20 Mei 1956

Kwa shemeji yangu Namdeorao,

Natumaini wewe, Kusum na watoto mnapumua, maana huku joto limetufunga ndani tangu asubuhi. Vimal amejifungua salama kule kwa wakwe zake Akola. Ni mtoto wa kike, na nywele zake zinatosha kusukwa. Mama mkwe wake alinuna siku nzima. Nikamwambia anune akimaliza anipe mjukuu wangu nimbebe. Kisima bado kina maji. Pamba ya mwaka jana nimeshaiuza yote.

Sasa sikiliza. Jumapili Bapurao Gawande alikuja hapa, akakaa barazani kama mtu aliyekuja kutoa pole, akanywa chai. Muda wote macho yake yalikuwa juu, kwenye taji letu la mbao la kuvika maksai, linaloning'inia darini. Alipoondoka akasema, "Tulsabai, mbao zile zinaliwa na mchwa. Hekalu la Maruti lina nafasi ya kulitunza."

Nilimwelewa. Nyumba mbili za mapatili, wakuu wa kijiji, yetu na yake, zina mataji mawili, nasi tumekuwa tukigombania kutangulia chini ya kamba ya majani siku ya Pola, sikukuu ya maksai, tangu zamani ambayo hata babu zenu hawakuikumbuka. Kanuni unaijua: nyumba isiyoleta maksai wake kwa Pola mbili mfululizo, taji lake linapelekwa hekaluni na nafasi ya kwanza inapotea moja kwa moja. Mwaka jana kaka yako alikuwa na wiki moja tu tangu afe tukamchoma, tukakaa ndani. Mwaka huu ni wa pili. Pola ni tarehe nne Septemba.

Maksai lazima awe amezaliwa zizini kwetu, na anayeshika kamba yake awe mtu wa nyumba hii. Wanaume wa nyumba hii mlikuwa wawili. Sasa umebaki wewe. Njoo.

Shemeji yako,
Tulsabai


Nagpur
5 Juni 1956

Shemeji Tulsabai,

Barua yako imefika, na Kusum ameisoma kabla yangu, kama kawaida yake. Anampongeza Vimal na anauliza jina la mtoto. Sisi ni wazima. Mwana wetu mkubwa amefaulu, mdogo amefaulu kuvunja jino. Machungwa yamepanda bei kwa sababu hakuna anayejua mwezi ujao mji huu utakuwa makao makuu ya nini.

Hilo ndilo jambo la hapa. Varhad yetu, nchi yetu ya pamba, ilifungwa kwenye Jimbo la Kati mwaka 1903 na wakubwa ambao hawakumuuliza mkulima hata mmoja. Sasa inafunguliwa ili ifungwe kwingine, na hakuna anayeuliza safari hii pia. Jumatatu tunaambiwa tutakuwa jimbo peke yetu, Alhamisi tunaambiwa tutaungana na Wamarathi wote. Naandika yote mawili, na yote mawili yanachapishwa.

Nitakuja Pola. Mwambie Bapurao mchwa wamwache yeye kwanza.

Nandya hajambo? Yule ndiye atakayebeba taji, nadhani. Alikuwa na pembe nzuri.

Kazini ni kawaida.

Namdeo


Karanjkhed
2 Julai 1956

Shemeji,

Mvua imefika na tumepanda. Mikono yangu inanuka udongo hata nikila. Mtoto wa Vimal anaitwa Indu. Mwambie mwanao mdogo jino likiota tena alitunze, hapewi la tatu.

Umesema utakuja, nami nimeshawaambia watu, kwa hiyo usiniaibishe. Lakini kuja tu hakutoshi. Nani atasema mashairi? Miaka ishirini mume wangu Sheshrao ndiye aliyesimama pale chini ya kamba akamjibu Gawande, shairi kwa shairi, mpaka mmoja akose jibu. Nyumba inayokosa jibu ndiyo inayopita ya pili. Kaka yako alikuwa nayo tumboni kama mtu aliyemeza ngoma. Siku nyingine nilimsikia anayatunga huku akikamua mbuzi, na mbuzi anasimama kusikiliza.

Wewe unakula kwa maneno. Gazeti linakulipa kwa maneno. Basi nitumie maneno. Bapurao ameanza kujitapa kisimani kwamba nyumba yao ni ya wafalme wa Kimaratha na yetu ni ya watumwa wa Nizamu. Nataka kumfunga mdomo mbele ya kijiji kizima.

Tulsabai


Nagpur
9 Agosti 1956

Shemeji Tulsabai,

Nisamehe kwa kuchelewa. Wiki hizi nimelala ofisini zaidi ya nyumbani, na Kusum ameanza kuniita mgeni. Watoto wazima. Mpe Indu busu la babu wa mbali.

Umeomba maneno. Nakupa yaliyo sahihi, kwa mpangilio.

Kwanza Varhad ilikuwa na masultani wake wenyewe, waliokaa Achalpur na kujenga ngome milimani. Sultani wa Ahmednagar akawameza mwaka 1574. Miaka ishirini na mbili baadaye Wamogoli wakamtoa yeye. Nizamu, mtawala wa Hyderabad, akaitwaa mwaka 1724, lakini Bhosle, mfalme wa Kimaratha wa Nagpur, naye alikuwa na askari wake wakikusanya kodi humo humo, kwa hiyo kwa muda mrefu mkulima wa Varhad alikuwa na mabwana wawili kwa shamba moja. Hapo ndipo nyumba zetu mbili zilipotokea. Mohod wa kwetu alikusanya fungu la Nizamu, Gawande akakusanya fungu la Bhosle, na kila mmoja akapewa taji la kumwekea maksai kichwani. Kwa hiyo Bapurao akisema sisi tulikuwa watumwa wa Nizamu, ni kweli. Wao walikuwa watumwa wa Bhosle. Mkulima aliwalipa wote wawili.

Mwaka 1853 Mwingereza alimwambia Nizamu, "Umeshindwa kulipa jeshi, nipe Varhad niishike." Mwaka 1902 akaifanya kodi ya kudumu, yaani aliipanga kama mtu anavyopanga nyumba, ila hakutoka mpaka alipofukuzwa. Mwaka uliofuata akaibandika kwenye Jimbo la Kati. Sasa wiki hii Delhi wamekata shauri tena: Varhad na Nagpur zitaingizwa katika jimbo kubwa la Bombay. Nagpur haitakuwa makao makuu kuanzia Novemba.

Nadhani humo kuna la kutosha.

Mara ya pili nauliza: Nandya hajambo?

Namdeo


Karanjkhed
19 Agosti 1956

Shemeji mwandishi,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nililala. Niliomba fimbo ukaniletea gazeti. Unataka nisimame mbele ya ng'ombe mia mbili na kusema "elfu moja mia tano sabini na nne"? Watu watafikiri nasoma bei ya pamba! Lakini nimeiweka. Nikipalilia naitafuna polepole, na kuna kitu humo ndani kinanichekesha: kila mmoja anaingia na kila mmoja anatoka.

Indu ameanza kucheka. Pamba iko magotini.

Nandya alikufa mwishoni mwa Mei, baada ya barua yangu ya kwanza. Nyoka, pale karibu na kisima. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa umeniuliza kwa furaha, na mimi sikuwa na furaha ya kukurudishia. Nilimnunua mwingine wa kulimia, lakini huyo hakuzaliwa kwetu, hawezi kubeba taji.

Amebaki Dhavlya, yule mweupe, ambaye kaka yako alikataa kumuuza. Macho yote mawili yameingia ukungu. Anatembea kwa kusikia sauti yangu. Bapurao amesikia, na wiki nzima kijiji kinacheka: "Nyumba ya Mohod, maksai kipofu na mwenye kamba haonekani!"

Kwa hiyo na wewe jibu nililokuuliza. Unafika na basi la siku gani? Barua mbili umeandika kuhusu majimbo na masultani na hukuandika neno moja kuhusu likizo.

Tulsabai


Nagpur
1 Septemba 1956

Shemeji Tulsabai,

Watoto wazima, Kusum mzima. Pole kwa Nandya.

Sitaweza kuja. Nimeliandika jambo hili katika sentensi ya kwanza baada ya salamu ili nisilizunguke tena.

Jana Bunge la Delhi lilipitisha sheria. Mji huu umechemka, kuna maandamano kila upande, na waandishi wote tumezuiwa kuondoka. Nilijua tangu Julai kwamba huenda ikawa hivi. Sikukuambia kwa sababu nilidhani mambo yangejitengeneza. Tena kuna jingine nililoficha: gazeti letu linahamia Bhopal pamoja na serikali ya ile sehemu ya jimbo isiyokwenda Bombay. Wenye gazeti wanataka nihame nalo. Sijawajibu.

Mwombe Bapurao aahirishe kwa mwaka mmoja. Ni mtu mgumu lakini si katili. Nitamwandikia mwenyewe.

Namdeo


Karanjkhed
8 Septemba 1956

Kwa shemeji Namdeorao,

Leo tumeileta sanamu ya mungu Ganpati nyumbani, na Vimal amekuja na Indu, kwa hiyo nyumba imejaa kelele na nimejificha jikoni kuandika. Barua yako ya tarehe moja ilifika tarehe tano, siku moja baada ya Pola. Kwa hiyo wakati wa jambo lenyewe sikujua kama unakuja au huji. Sasa nashukuru ilichelewa. Ningeipata mapema ningemwendea Bapurao kuomba, naye angenihurumia, na ningelazimika kumshukuru mpaka nife.

Tarehe tatu nilisubiri basi la Daryapur. Lilikuja, wakashuka watu na kuku, wewe hukushuka. Jua lilikuwa linashuka, na ilikuwa saa ya kuwaalika maksai. Unajua inavyofanywa: mwanamume wa nyumba anawapaka samli na manjano mabegani, pale nira inapochubua, anamwambia kila mmoja, "Leo umealikwa, kesho uje kula." Nilisimama zizini na bakuli la samli linaganda. Kisha nikasema basi, mabega ni mabega. Nikampaka Dhavlya mwenyewe. Nikamwambia, "Leo umealikwa, kesho uje kula." Akanilamba kiwiko.

Siku ya pili nililishusha taji kutoka darini. Mchwa hawakuwemo, Bapurao aliwatamani tu. Nikalifunga kwenye pembe, nikabandika mienge mitano kwenye ncha zake, nikavaa sari ya kijani, nikatoka na kamba mkononi. Njia nzima watu walinipisha. Kamba ya majani ya mwembe ilikuwa imetandwa mbele ya hekalu la Maruti, na upande wa pili alikuwepo Bapurao, na mwanawe Manohar ameshika dume lao jipya, limepakwa rangi pembe mpaka linang'aa kama gari la harusi.

Bapurao akasema, "Shemeji yako yuko wapi?"

"Nagpur," nikamwambia. "Anahesabu mawaziri."

"Basi nani anashika kamba?"

"Una macho, Bapurao. Kipofu hapa ni maksai."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akasema kanuni ni mwanamume. Nikasema kanuni ni mtu wa nyumba, na kama anabisha, aseme nani aliyempaka dume lake samli jana jioni.

"Manohar."

"Na leo nani anamwongoza?"

"Manohar."

"Basi. Anayealika ndiye anayempeleka mgeni wake kula. Wangu nilimwalika mimi. Unataka nimwambie sasa hivi kwamba mwaliko ulikuwa uongo?"

Mzee mmoja wa upande wao, Pandurang mpiga ngoma, akasema kwa sauti, "Hapo kasema." Bapurao akamtazama, lakini ngoma ilikuwa mikononi mwa Pandurang na Pola haipigwi bila ngoma. Ndipo Bapurao akatabasamu, akasema, "Sawa. Tusikie mashairi basi." Alidhani hapo ndipo nitakapokwama. Akavuta pumzi, akatoa hili:

*Nyumba yenye taji kubwa, mwenye kulishika nani?*
*Mmoja yuko majivu, mwingine yuko mjini.*

Namdeo, watu wake wenyewe waliinamisha vichwa. Kumtaja marehemu hivyo, mbele ya mkewe! Sikuwa nimeandaa kitu kamili. Nilikuwa na vipande tu, vile nilivyovitafuna shambani. Lakini nilipofungua mdomo vikatoka vimeshikana:

*Sultani aliishika Varhad, kisha akatoka.*
*Mogoli akaishika, naye pia akatoka.*

Hapo niliposema "akatoka" mara ya pili, mtu mmoja nyuma akalirudia. Nikaendelea:

*Nizamu na Bhosle wao waligawa, wakatoka.*

Nikamtazama Bapurao niliposema Bhosle. Sasa upande wetu wote ulikuwa unapokea "wakatoka!" Pandurang akaanza kuipigia ngoma.

*Mzungu akaipanga, kodi kala, akatoka.*
*Wa Nagpuri nao hao, Novemba nao watoka!*

Kicheko kilichopasuka hapo ungekisikia huko kwako. Wanawake walikuwa wamepanda juu ya mapaa, nao wakapokea. Watu wa Gawande walipokea. Manohar alipokea, nilimwona, mpaka baba yake akamkanyaga mguu. Nikanyanyua kamba juu ya kichwa changu ili wote waione, nikamaliza:

*Mwauliza ashikaye? Tazameni aloshika!*

"Har Har Mahadev!" Kijiji kizima kilimsifu Mahadev. Bapurao akafungua mdomo, akasema, "Nyumba ya... nyumba yenye..." akafunga. Akafungua tena. Pandurang akamwambia, "Patil, funga tu, nzi wataingia." Na ngoma ikapiga ya kupita.

Tukawasha mienge. Unakumbuka maksai wanavyopagawa moto ukiwa juu ya vichwa vyao na ngoma zinalia? Dume lao lilitupa macho, likaona moto, likaona kivuli chake lenyewe ukutani, likamvuta Manohar kama kitambaa na kukimbilia kwenye pamba ya baba yake na taji kichwani. Lilikwenda mbali. Mienge ilikuwa inaonekana ikiruka ruka kama harusi iliyopotea njia.

Dhavlya wangu hakuona moto. Haoni kitu. Alisikia sauti yangu tu. Nikamwambia, "Twende, mgeni wangu," akanyanyua kwato, akapita chini ya kamba ya majani taratibu, kama anakwenda kunywa maji. Wa kwanza. Nyuma yetu ng'ombe wote wa kijiji.

Baadaye, kama desturi, nyumba ya pili ikaja mlangoni kwa nyumba ya kwanza kulisha maksai. Bapurao alikuja mwenyewe, matope mpaka magotini, ameshika dume lake. Nikalilisha dume chapati tamu ya dengu, nikampa na yeye. Alikula amesimama. Kisha akasema, "Lile la majivu, nisamehe. Lilinitoka."

Nikamwambia, "Lilikuwa shairi zuri. Mizani ilikaa."

Akauliza, "Lako ni la Namdeo?"

"Hesabu ni za Namdeo," nikamwambia. "Kelele ni zangu."

Taji limerudi darini. Nimelipaka mafuta.

Tulsabai


Nagpur
3 Novemba 1956

Shemeji Tulsabai,

Diwali njema kwenu wote. Kusum amekaanga vitu vya wiki mbili na watoto wamevila kwa siku moja. Jino la mdogo limeota.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kukujibu mambo yakiwa yamekwisha. Tarehe thelathini na moja Oktoba nilisimama nje ya ofisi kuu za serikali. Malori yalipakia kabati, majalada na viti kwenda Bhopal. Karani mmoja alikuwa amekumbatia saa ya ukutani na hataki kumpa mtu. Asubuhi yake jimbo lilikuwa halipo tena. Hakuna aliyelia, ila wenye hoteli.

Niliandika habari ndefu ya historia ya Varhad kwa ajili ya siku hiyo. Mwishoni niliweka shairi lako, nikasema lilisikika katika Pola ya kijiji kimoja, kwa sababu sikukuomba ruhusa ya jina. Mhariri alikata aya zangu zote, masultani wote na miaka yote. Akaacha shairi. Lilitoka ukurasa wa mbele. Jana kwenye kibanda cha chai cha mahakamani nilimsikia wakili anamwambia mwenzake aliyeshindwa kesi, "Novemba nao watoka!" na kibanda kizima kikapokea. Nililipa chai yangu nikatoka, nao wakacheka kwamba nimetoka.

Niliwajibu wenye gazeti. Bhopal siendi. Gazeti moja la Bombay limenichukua niwaandikie habari za huku. Mshahara ni mdogo zaidi na kazi ni ile ile. Kusum anasema ameshanizoea.

Kwa hiyo mwakani hakuna wa kunizuia. Nitakuja Pola bila shaka yoyote, nami nitashika kamba, ili upumzike.

Namdeo


Karanjkhed
14 Novemba 1956

Shemeji,

Gazeti lilifika. Bapurao ndiye aliyelileta, amelikunja kama hundi, akalisoma barazani kwa sauti mbele ya watu, pamoja na mstari wa Bhosle, bila kuruka. Sasa anamwambia kila mpita njia kwamba shairi lile lilitungwa kumjibu yeye, na bila yeye lisingekuwepo. Nimemwacha. Ni kweli.

Pamba imefunguka, shamba lote jeupe. Indu anakaa bila kushikwa. Dhavlya anakula vizuri, na akisikia watu wanapita njiani anainua kichwa kama mheshimiwa.

Mwakani njoo, na Kusum na watoto. Jioni ya kuamkia Pola nitakaa na bakuli langu la samli, nikimaliza kwa Dhavlya nitakugeukia wewe. Mabega yako nayo yamebeba mengi. Nitakuambia vile vile ninavyomwambia yeye: leo umealikwa, kesho uje kula.

Kamba usiiulizie.

Shemeji yako,
Tulsabai